Programu iliyocheza mikwaruzo

Kama ulikulia mjini miaka ile ya 2000 utakuwa unavikumbuka vile vibanda vya kuwekea nyimbo kwenye CD. Unakwenda na orodha yako kwenye karatasi, unamkabidhi kijana wa dukani, anaanza kuzitafuta moja moja kwenye kompyuta, nawe unasubiri. Kaka yangu alikuwa akinituma, nami sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kilichonishika ni skrini. Kila wimbo ukipigwa, kwenye kidirisha cha Windows Media Player kulikuwa na michoro inayojifungua na kujifunga: mistari ya kijani, moshi wa zambarau, duara linalomeza duara. Nilikuwa na hakika kwamba mle ndani kuna mtu anachora.

Sasa mchana naandika habari za mabaraza ya madiwani na mahakama, na usiku nikitoka chumba cha habari mchoraji ni mimi. Naandika msimbo (wenzangu wanasema kodi, lakini neno hilo tuwaachie TRA) unaosikiliza muziki na kuugeuza kuwa picha. Hakuna anayenilipa. Mwenzangu mmoja wa dawati la michezo aliniuliza faida yake ni nini, nikamuuliza faida ya yeye kushangilia Arsenal ni nini, tukaishia hapo.

Nilipoanza nilidhani haya ni mambo ya juzi. Nikaanza kufukua, kama ilivyo mazoea ya kazi yetu, nikakuta ni habari ya karibu karne tatu. Katika kufukua huko ndipo nilipoelewa kwa nini programu yangu ilishindwa kumsikia Siti binti Saad. Hilo la Siti nitalifikia, nivumilie kidogo.

Mwaka 1725 padre mmoja wa Kijesuiti huko Ufaransa, mtu wa hisabati aitwaye Louis Bertrand Castel, alitangaza wazo la kinanda cha macho. Ubonyeze kibao, na badala ya sauti tu utoke na mwanga wa rangi: nyuma ya vidirisha vya rangi kuna mishumaa, kibao kinafungua kidirisha chake. Newton alikuwa ameshaugawa upinde wa mvua katika rangi saba na kuzilinganisha na noti saba, na Castel akaona kilichobaki ni kuunda chombo tu. Noti ya do aliipa buluu. Alihangaika nacho mpaka alipofariki mwaka 1757, na leo hakuna hata kipande cha chombo hicho kilichobaki.

Swali lake likabaki: kama do ni buluu, nani kasema? Warusi wawili, Rimsky-Korsakov na Scriabin, kila mmoja alikuwa na jedwali lake. Kwa Rimsky-Korsakov do ilikuwa nyeupe, kwa Scriabin ilikuwa nyekundu. Kuhusu re walikubaliana kwamba ni njano, basi angalau hapo paliwekwa amani. Scriabin alikwenda mbali hadi kuandika sehemu ya mwanga ndani ya noti za Prometheus, kazi yake ya mwaka 1910, kama vile mtu angeandika sehemu ya fidla. Ilipopigwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1911 mwanga haukuwapo. Watu wa New York ndio walioiona na rangi zake mwaka 1915, Scriabin akiwa amebakiza majuma machache tu ya kuishi.

Angalia jambo moja hapo, maana ndilo ninalolifuata katika habari hii yote. Vyombo hivi havikuwa vikisikia chochote. Mtu alikuwa amekwisha kuamua kipi katika muziki ndicho cha maana (kwa Castel noti, kwa Scriabin ufunguo wa wimbo), akaandika jedwali, chombo kikatii. Kile ambacho jedwali halikukitaja, kwa chombo hakikuwapo.

Anayenivutia zaidi kati ya watu wa zamani ni Oskar Fischinger, Mjerumani, mzaliwa wa 1900. Huyu hakuwa na jedwali, alikuwa na masikio na subira. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichora filamu fupi kwa mkaa kwenye karatasi, maumbo meupe yakiruka gizani pamoja na muziki. Wanazi walipokaza kamba dhidi ya sanaa ya aina hiyo, mwaka 1936 akaenda Marekani. Mwaka 1938 aliitengenezea kampuni ya MGM filamu iitwayo An Optical Poem, juu ya muziki wa Liszt. Ni vipande vya karatasi vilivyoning'inizwa, anasogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena. Filamu ni ya kama dakika saba, na filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: ni takriban picha 10,000, kwa mkono.

Disney walimchukua kwa ajili ya Fantasia ya mwaka 1940, kwenye sehemu ya Bach mwanzoni. Michoro yake ikabadilishwa ili ifanane na vitu ambavyo watazamaji wanavijua, akaondoka, na jina lake halikuwekwa. Ukiitazama An Optical Poem leo utaona jambo ambalo programu nyingi za sasa haziliwezi: maumbo yanajua sauti fulani inakuja kabla haijafika. Yanajiandaa. Sababu yake ni nyepesi, Fischinger alikuwa ameusikiliza wimbo mpaka mwisho, ilhali programu inasikia sehemu ya sekunde tu na haijui kinachofuata.

Mashine ya kwanza iliyosikia kweli ilikuwa ile ya maabara, osiloskopu, mtoto wa bomba ambalo Ferdinand Braun alilitengeneza mwaka 1897. Unaingiza sauti kama umeme, nuru inachora mstari unaopanda na kushuka jinsi hewa inavyosukumwa. Mwaka 1952 Mmarekani Mary Ellen Bute alitengeneza filamu iitwayo Abstronic kwa kupiga picha mistari ya osiloskopu na kuiunganisha na muziki. Mstari huo ni mzuri kuutazama, ila hausemi mengi. Udi, fidla, ngoma na mwimbaji wakisikika pamoja, wote wanaingia katika mstari mmoja uliochanganyika, na jicho haliwezi kuutenganisha.

Wa kuutenganisha alikwishapatikana zamani. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha 1822 kuhusu joto, alionyesha kwamba wimbi lolote lililovurugika unaweza kulieleza kama mkusanyiko wa mawimbi mepesi. Ni sawa na mtu anayeonja pilau kijiko kimoja akakutajia hiliki kiasi gani, mdalasini kiasi gani, bizari nyembamba kiasi gani. Tatizo ni kwamba kuonja huko kulichukua muda. Ukiwa na sampuli 1,024 za sauti, hesabu ya moja kwa moja inataka kuzidisha kama mara milioni moja. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey wakachapisha njia ya mkato inayoteremsha kazi hiyo hadi makumi ya maelfu tu. Shida iliyokuwa ikiwasukuma haikuwa muziki, ilikuwa vita baridi: Marekani ilitaka kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Wasovieti kwa kusoma mitikisiko ya ardhi. Baadaye ikaja kugundulika kwamba Gauss alikuwa ameiandika njia hiyohiyo karibu mwaka 1805 akaiacha kwenye makaratasi yake. Ndiyo hiyo leo iliyomo kwenye simu yako, na ndiyo inayoinua na kushusha zile nguzo za kijani kwenye redio za magari.

Sasa tuingie sebuleni. Kati ya mwaka 1976 na 1977 kampuni ya Atari, watu wa Pong, walitoa kisanduku chenye ubavu wa mbao kilichoitwa Atari Video Music. Kilibuniwa na Robert Brown na kiliuzwa kama dola 170. Unachomeka redio upande mmoja, televisheni upande wa pili, na maumbo ya pembe nne ya rangi kali yanacheza na nguvu ya sauti ya spika ya kulia na ya kushoto. Hakikudumu sokoni. Nami nimetazama picha zake za video, siwalaumu walioacha kukinunua. Baada ya dakika tano umeshaona kila kitu kinachokijua.

Kilichokosekana ni mtu kuweza kukifungua na kukibadilisha, na hilo lilikuja na kompyuta za nyumbani. Mwingereza Jeff Minter, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, mwaka 1984 alitoa Psychedelia, programu ya kupiga rangi kama mtu anavyopiga kinanda. Hiyo ilifuata mkono wa mtu na haikusikia muziki. Iliyosikia ilikuja mwaka 1995 ndani ya mashine ya Atari Jaguar CD, na mwaka 2005 yake nyingine ikawekwa ndani ya Xbox 360. Minter ni mmoja wa wachache waliofanikiwa kufanya mchezo huu uwape chakula. Wengi wengine walifanya kwa mapenzi tu.

Mmoja wao ni Mwaustralia Kevin Burfitt, aliyejulikana kwa jina la Zaph, na programu yake Cthugha ya miaka ya 1990. Iliendeshwa kwenye DOS, ikisikia kupitia kadi ya sauti. Skrini yake ilikuwa pikseli 320 kwa 200, yaani 64,000, na rangi 256. Kompyuta za wakati ule zilikuwa goigoi, na hapo ndipo ujanja ulipo. Programu haikuichora picha upya kila mara. Iliichukua picha iliyopita, ikachanganya kila pikseli na jirani zake, ikaisogeza kidogo, halafu juu yake ikachora mstari wa sauti ya sasa. Sauti ya nusu sekunde iliyopita inabaki ikififia kama moto unaopanda.

Kama umewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi mwenye kioo mbele na kioo nyuma, ukaona visogo vyako vikienda mpaka upeo, umeielewa hesabu hiyo. Kila picha inaibeba iliyoitangulia. Mimi nilipoiandika kwa mara ya kwanza, mistari isiyozidi ishirini ya msimbo, nilikaa naitazama mpaka saa nane usiku, na kesho yake nilikuwa na habari ya mahakama ya kuandika. Mhariri wangu asisome hapa.

Kisha ikaja Winamp. Ilitoka mwaka 1997, na kijana mmojawapo aliyeiandika, Justin Frankel, aliacha mlango wazi ili yeyote aweze kuandika kipande cha kuchomeka ndani yake. Yeye mwenyewe aliandika AVS, ambamo mtumiaji anapanga athari za picha moja juu ya nyingine. Mwaka 1999 kampuni yake ikanunuliwa na AOL. Mwaka uliotangulia, Mmarekani Ryan Geiss alikuwa ametoa kipande cha kuchora muziki alichokiita kwa jina lake, Geiss, na mwaka 2001 akatoa MilkDrop.

MilkDrop ni vioo vya kinyozi vilivyokabidhiwa kwa kadi ya michoro. Picha iliyopita inakunjwa, inavutwa, inazungushwa kwa hesabu anazoandika mtumiaji, na muziki unaingia ndani ya hesabu hizo. Geiss hakutoa michoro tu, alitoa jiko. Kila mchoro ni faili la maandishi ya kawaida ambalo unaweza kulifungua ukasoma, ukabadilisha tarakimu, ukamtumia mwenzako. Watu waliyaita preseti. Mimi nitayaita mapishi. Wapishi wakajitokeza kila pembe, mapishi yakawa maelfu, na wengi wao hawakujua hata kwamba wanachoandika ni programu.

Sasa tazama kwa makini kilichokuwa kikiingia katika jiko hilo. Winamp ilimpa mwandishi wa kipande sampuli 576 za sauti kwa kila spika. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo 576 ni kama sehemu 13 za elfu za sekunde. Ukionja muda mfupi kiasi hicho, Fourier anakutenganishia sauti kwa hatua za kama hezi 77. Je, hezi 77 ni nyingi? Kuanzia la ya hezi 220, hatua moja hiyo inapita nusutoni tano. Maana yake programu inajua barabara kwamba kitu kimegongwa, na sekunde gani, ila mwimbaji akipanda kutoka noti moja kwenda ya jirani, haijui.

Mpishi alipewa namba tatu za kutumia katika mapishi yake: besi, sauti za kati na sauti za juu. Zimepimwa kwa kulinganishwa na wastani wa wimbo wenyewe: 1 ni kawaida, chini ya 0.7 ni kimya, juu ya 1.3 besi imepiga. Ni uamuzi wa busara sana, kwa sababu programu inajirekebisha yenyewe hata kama sauti ya kompyuta ni ndogo au kubwa. Na kwa muziki waliokuwa wakiusikiliza wengi wa wapishi wale, muziki wa kompyuta wenye teke la ngoma kila pigo, hazikuhitajika namba zaidi. Teke linapiga, picha inaruka. Ukifungua mapishi mengi utaona besi ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma.

Na mimi niliyarithi hayo yote bila kuuliza. Natumia p5.js, ambayo Lauren Lee McCarthy aliianzisha mwaka 2013 ili ile lugha ya wasanii iitwayo Processing, iliyoanzishwa MIT mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry, iweze kufanya kazi ndani ya kivinjari. Processing imelea wengi. Robert Hodgin alianzia humo majaribio yaliyokuja kuwa michoro ya iTunes mwaka 2008. Mimi nikachukua vioo vya Cthugha, nikachukua hesabu ya MilkDrop ya kugawanya kwa wastani, nikaviunganisha. Nikaijaribu kwa singeli, ikapagawa. Nikaijaribu kwa bongo fleva, safi. Nikajiona fundi.

Basi bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, anakaa nasi. Nikasema leo nimwonyeshe. Rafiki alikuwa amenipa rekodi ya Siti binti Saad, zile za santuri. Wengi mnajua habari zake kupitia wasifu alioandika Shaaban Robert: mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Bibi hakumwona akiimba, alimsikia kupitia mama yake, aliyekuwa akiziimba nyimbo zile jikoni.

Nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nikamkalisha mbele ya televisheni niliyoiunganisha na laptopu. Wimbo ukaanza. Picha ikaruka. Bibi akatazama kama dakika mbili, akaniuliza kwa upole:

“Mjukuu wangu, mbona kinacheza mikwaruzo? Siti mwenyewe hakimsikii.”

Nikatazama vizuri. Alikuwa sahihi. Kila santuri ilipokwaruza, tch, duara linapanuka. Siti anavuta sauti, anaipinda, anaiteremsha polepole, na picha imetulia kama maji mtungini.

Usiku ule nilikwenda kutafuta sababu. Maktaba ya sauti ya p5 niliyokuwa naitumia inagawa sauti katika makundi matano: besi ni hezi 20 hadi 140, kisha 140 hadi 400, kisha 400 hadi 2,600, kisha 2,600 hadi 5,200, na za juu kabisa 5,200 hadi 14,000. Santuri za miaka ile zilinasa takriban kuanzia hezi 100 hadi 5,000. Kwa hiyo katika kundi la besi na katika kundi la juu hapakuwa na muziki karibu wowote. Palikuwa na mngurumo wa sahani inayozunguka na vumbi la karibu miaka mia. Nami, kwa ile hesabu nzuri ya kugawanya kwa wastani, nilikuwa nimelikuza vumbi hilo mpaka likawa sawa na ngoma. Na Siti? Sauti yake, fidla na udi vilibanana katika makundi ya kati, na ukijumlisha nguvu ya wote pamoja unapata namba isiyobadilika sana. Programu ilifanya kama ilivyoagizwa. Waliotoa maagizo hawakuwa wakisikiliza taarab.

Siwalaumu. Geiss aliandika kwa ajili ya muziki alioujua, kama Castel alivyoandika kwa ajili ya noti za kinanda chake. Tofauti ni kwamba chombo cha Castel kilipotea chote, na cha Geiss kinafunguka. Mwaka 2005 aliutoa msimbo wa MilkDrop hadharani, kila mtu auchukue. Hilo lilikuja kuwa na maana kubwa. Mwezi Novemba 2013 AOL ilitangaza kwamba Winamp itafungwa mwezi uliofuata, na Januari 2014 ikauzwa kwa kampuni ya Radionomy ya Ubelgiji. Programu iliyofungwa ingeweza kuzikwa hapo. Lakini watu wa kujitolea walikwisha kuandika projectM ili mapishi yaleyale yaendeshwe nje ya Windows, na baadaye ikaja Butterchurn inayoyaendesha ndani ya kivinjari. Ndiyo maana mimi, niliyekuwa mtoto wa shule Winamp ilipovuma, niliweza kusoma mstari kwa mstari jinsi besi inavyopimwa, nikajua pa kugusa.

Nilianza kwa kuitupa besi. Chini ya hezi 100 na juu ya 5,000 programu yangu sasa ni kiziwi. Kisha nikaachana na makundi matano, nikagawa kuanzia hezi 220 hadi 3,520. Hizo ni oktavu nne, na kila oktavu nimeikata vipande 24 badala ya 12, kwa sababu maqam za taarab zinapita katikati ya vibao vya piano. Jumla vipande 96. Huku chini, vipande viwili jirani vinatenganishwa na hezi 6 hivi, na ili Fourier aweze kukaribia usahihi huo ni lazima aonje muda mrefu: nikampa sampuli 8,192, karibu sehemu 19 za mia za sekunde. Hata hivyo panabaki ukungu kidogo chini, sitaki kukudanganya.

Matokeo yake si mduara unaoruka tena. Ni uzi wa moshi unaopanda na kushuka na sauti, na ile mipindo ya Siti, mahali anapoizungusha noti kabla ya kuiacha, unaiona inajikunja kama wino ndani ya maji. Fidla inaufuata uzi huohuo, kwa kuwa inaufuata wimbo wake, na programu haiwezi kuwatenganisha. Hilo sijalipatia dawa.

Nikamwita bibi tena. Safari hii alitazama wimbo mzima, akaomba urudiwe, akaimba kidogo pamoja nao. Halafu akasema: “Sasa kinamsikia. Ila mpiga udi umemwacha wapi?”

Nilicheka, kwa sababu kwa sentensi moja alikuwa amegusa pale ambapo vitabu vya hesabu vinatumia ukurasa mzima. Ukionja muda mrefu unapata noti sahihi, lakini unapoteza lini imegongwa. Udi unadonolewa, ting, na donoo hilo ni fupi kuliko onjo langu, kwa hiyo linasambaa na kuyeyuka ndani ya moshi. Ukionja muda mfupi unalipata donoo na kumpoteza Siti. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa sikio moja.

Kwa hiyo wiki hii nimeipa programu masikio mawili. La kwanza ni lile refu. La pili ni la sampuli 512, karibu sawa na zile 576 za Winamp, na safari hii halisikilizi besi, linasikiliza mshtuko wa ghafla katika sauti za kati tu. Kila udi unapodonolewa, tone la mwanga linaangukia juu ya uzi. Mikwaruzo mingine bado inapenya na kujifanya udi, nahangaika nayo. Bibi bado hajaiona. Ijumaa nikiwahi kutoka kazini nitamkalisha tena mbele ya televisheni.